Sentimita Mia na Hamsini

Januari inakwisha, na mashine yangu haina usingizi:
sketi za bluu, mashati ya kaki, kola thelathini na mbili
za watoto wanaorudi shule Jumatatu.
Wangu yuko chumba cha pili, miguu juu ya mto,
chupa ya maji ubavuni. Ayikoru, miaka kumi na sita.
Selimundu imemtoa bwenini mara tatu.
Mara ya tatu nikasema basi,
nitamfundisha mwenyewe, na nisilolijua tutalisoma wote.
Shemeji akacheka: fundi cherehani na historia ya dunia!
Sikumjibu. Nilikuwa na pini mdomoni.

Leo sare zimelipwa. Nina elfu tisini.
Kenyi wa vitabu vya mitumba amekuja na gunia zima kwa baiskeli,
maana jua la Arua leo si la kumtoa mgonjwa nje.
Amevimwaga mezani juu ya vipande vya kitambaa.
Vinanuka panya, chai, na mafuta ya taa ya nyumba za watu.

Nikavua utepe shingoni.
Sentimita mia na hamsini. Kila moja, nikamwambia,
tuipe miaka arobaini.
Akapiga hesabu kabla sijameza mate:
Elfu sita, mama.
Tukaanza kuchoma pini.
Kumi na saba: mtu anakwaruza udongo mbichi ili akumbuke mbuzi wake.
Thelathini na tano, piramidi.
Yesu hajafika mia. Hijra, mia na kumi na tano.
Halafu mkono wake ukasita, maana utepe ulikuwa unaisha:
uhuru wetu uko sentimita moja na nusu kutoka mwisho,
mimi nimo ndani ya kile kichuma cha ncha,
na yeye hata nusu yake hajaijaza.

Sasa lete vitabu, nikasema, tuvipime kama wateja.

Kile kinene kina uzito wa kilo mbili za sukari.
Kurasa mia tisa, na mia saba zimesongamana
katika sentimita kumi na mbili za mwisho.
Hii ni suti iliyoshonwa kola tu.
Ayikoru akafungua faharasa, kidole kikashuka, kikashuka:
*Uganda: tazama Uingereza.*
Tukatazama Uingereza. Aya moja, na reli.
Alicheka hadi mbavu zikamuuma, nikamshika.
Tumekichukua hata hivyo, elfu arobaini.
Ramani zake ni nzuri, na mtihani sitaitunga mimi.

Chembamba cha dhahabu na chumvi, wafalme wa jangwani,
mchwa wameanza kukisoma kabla yetu: elfu kumi na mbili.

Barua za askari waliopelekwa vita visivyo vyao.
Ukurasa wa sitini na moja unarukia themanini na nane.
Kenyi akainamisha kichwa: mke wake hufungia karanga.
Nikakirudisha guniani. Ayikoru akakitoa.
Nikakirudisha. Akakitoa.
Hiki, mama. Kinene kile hakikuniambia kilichochanwa.
Elfu kumi na tano.

Alipokuwa akiandika jina lake ndani ya jalada,
nilipekua upesi, kimoja baada ya kingine,
nikitafuta mwaka niliozaliwa, ng'ambo ya mpaka,
mama akiwa amenibeba tumboni na sufuria kichwani.
Haumo. Sikumwambia.
Bado.

Elfu ishirini ni za dawa, hizo haziguswi.
Zikabaki elfu tatu,
na Uchina, picha za rangi, nasaba zote, ni elfu ishirini na tano.
Kenyi akazipokea tatu kama arubuni.
Nimemwona akipinda kona ya kanisa,
falme nzima zimefungwa kwa mpira wa baiskeli,
zikimsubiri mtu amalize kola thelathini na mbili.